Ujasiriamali Vyuoni: Fedha ya Umma Inamjenga Nani?

Neno ujasiriamali limeingia katika kila ratiba ya chuo. Hatuna ugomvi na neno lenyewe. Ugomvi wetu ni juu ya nadharia iliyojificha ndani yake: kwamba kijana wa Urambo au Sikonge ni maskini kwa sababu hajui biashara, na kwamba Serikali ikilipia mafunzo imekwisha timiza wajibu wake. Nadharia hiyo ni potofu, na historia ya Tabora inaikanusha.

Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe pwani na kurudi na nguo na shanga kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaweka makazi Unyanyembe. Ujuzi wa njia, wa bei, wa kuongoza mamia ya watu porini, walikuwa nao. Hata hivyo ilipofika miaka ya 1870 maelfu yao walikuwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani, kwa ujira. Akili zao hazikupungua. Mtaji ulikuwa Unguja, mikononi mwa matajiri kama Taria Topan, aliyemkopesha Tippu Tip. Na mwenye mtaji ndiye aliyepata sauti juu ya bei ya pembe na ujira wa bega. Mirambo aliitambua nguvu hiyo, akaifunga njia ya Ujiji mwaka 1871. (Tusimtukuze kupita kiasi, naye aliteka na kupora. Lakini semina hakuihitaji.)

Mkulima wa tumbaku anaijua habari hii bila kufundishwa: pembejeo za mkopo hukatwa kabla hajaishika pesa yake.

Sasa tutazame vyuo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi, vikazidi 50 nchini, Urambo na Sikonge vikiwemo. Shabaha ilikuwa mtu mzima apate ujuzi na arudi kuutumia kijijini kwake. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la ujasiriamali katika chuo kimoja, sitakitaja. Saa mbili nzima vijana walinakili ubaoni sura za mchanganuo wa biashara. Karakana ya jirani ilikuwa na randa mbili kwa wanafunzi ishirini na kitu. Kijana mrina asali akauliza: "Mwalimu, nikimaliza, mizinga naitoa wapi?" Akajibiwa aandike mchanganuo mzuri.

Wapo watakaosema mikopo ipo. Ni kweli. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2018, kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Wapo wasio waaminifu, hilo tusilifiche. Lakini kosa kubwa zaidi ni la mpango. Fedha ya mafunzo inapita mlango mmoja, fedha ya mkopo mlango mwingine, na watu wanakutana kwa mara ya kwanza mbele ya fomu ya halmashauri. Kikundi cha namna hiyo hakiunganishwi na kazi. Kinaunganishwa na hundi, na hundi ikigawanywa kikundi kimekufa.

Kikundi hakina budi kuzaliwa karakanani. Warina asali kumi wanaosoma pamoja watengeneze mizinga yao chuoni, mkopo uwafikie kama mbao, mavazi ya kazi na mashine ya kukamulia, na asali iuzwe kupitia ushirika, si debe kwa debe kwa mchuuzi anayengoja barabarani. Gharama yake ni kubwa kuliko semina ya siku tatu, nasi tusidanganye kuhusu hilo.

Kwa hiyo makada walio katika mabaraza ya madiwani, kabla ya kuidhinisha fungu la semina, walete mezani swali la yule mrina asali na wadai jibu lenye idadi ya mizinga.