Kiongozi Asiyepigiwa Kura

William Golding alikuwa mwalimu wa shule kule Salisbury, Uingereza, alipotoa riwaya yake Lord of the Flies mwaka 1954, na inaonekana aliwajua vizuri wavulana wanavyochagua wa kumcheka. Piggy, mmoja wa wavulana waliokwama kisiwani bila mtu mzima, amerundikiwa kila kitu cha kuchekesha: unene, pumu, miwani mizito, malezi ya shangazi, na Kiingereza cha uswahilini mbele ya watoto wa shule za wenye nazo. Jina lake halisi hatulijui mpaka mwisho. Anamsubiri Ralph, mwenzake wa kwanza kukutana naye kisiwani, amuulize, Ralph haulizi; badala yake analitangaza lile jina la kinguruwe mbele ya wenzake, nao wanaangua kicheko.

Ujanja wa mtunzi ni kumfanya msomaji naye amchoke. Kila Piggy anapofungua kinywa kuna shangazi, kuna pumu, kuna mtu wa kumwambia anyamaze. Busara yake inapita katikati ya manung'uniko hayo, na wengi tunaipita bila kuiona.

Tazama lile gamba la kome. Ralph ndiye anayeliopoa majini, lakini anayejua kwamba linapulizwa kama baragumu, na kwamba mlio wake utawakusanya waliotawanyika kisiwani, ni Piggy. Watoto wanapofika, yeye ndiye anayepita akiwauliza majina. Kisha inapigwa kura, na Ralph anashinda kwa umbo, kwa utulivu wake, na kwa gamba lililo mikononi mwake. Wazo ni la mmoja, cheo kimekwenda kwa mwingine. Piggy mwenyewe anainua mkono shingo upande.

Sehemu ninayoirudia zaidi ni ya moto wa kwanza. Umewashwa kwa miwani aliyopokonywa usoni, ukawaponyoka na kuteketeza msitu. Wengine wamekodolea macho miali. Piggy, pumzi zikimkata, anauliza yuko wapi yule mdogo mwenye alama usoni. Hakuna wa kumjibu, na mtoto yule haonekani tena. Golding hamsifu wala hasemi kwamba huu ni uongozi. Anaacha swali likae pale, na anayesoma kwa makini anaona nani kisiwani anajua hesabu ya watu wake.

Baadaye Piggy anapendekeza saa ya jua, Ralph anamkejeli. Hofu ya mnyama wanayemdhania yuko mlimani inapowazuia kwenda kuwasha moto huko, ni yeye anayesema moto uwashwe ufukweni, na safari hii anasikilizwa. Ralph anakiri moyoni kwamba hawezi kufikiri kama Piggy. Hata hivyo hakuna mageuzi ya kisinema: hapungui mwili, hapati sauti nzito, na miwani haimwachi mpaka inapoibwa na Jack, kiongozi wa wawindaji, na watu wake.

Wala hakufanywa malaika. Baada ya mwenzao Simon kuuawa katika ngoma ya usiku, Piggy anang'ang'ania kwamba ilikuwa ajali. Namheshimu Golding kwa kuuacha udhaifu huo, kwa sababu bila huo safari ya mwisho ingekuwa nyepesi. Piggy, haoni mbele, anakwenda na gamba mkononi hadi ngomeni kwa Jack kudai miwani yake kama haki, si kama fadhila. Wanamzomea. Analiinua gamba, kelele zinakatika, na kwa muda mfupi wawindaji wenyewe wanamsikiliza akiwauliza kipi bora, sheria au kuua. Juu yao Roger, mmoja wa watu wa Jack, ameshaegemea nyenzo ya jabali.