Muumini na Mwaminifu: Uhakiki wa Sifa ya "Mcha Mungu" katika Lugha ya Uchaguzi

1.0 Utangulizi

Kila uchaguzi unapokaribia katika nchi yetu, orodha ya sifa za wagombea huanza kurefuka. Huyu ni msomi, yule ni mzalendo, na karibu wote ni "wacha Mungu". Katika Kiswahili cha mitaa ya Bukavu sifa hiyo husemwa kwa urahisi zaidi: mgombea, au kandida kama wengi wamwitavyo, ni "mutu wa Mungu". Maneno haya hayatolewi kama habari tu juu ya maisha ya mtu, bali hutolewa kama hoja. Anayeyatamka anataka msikilizaji afikie uamuzi kwamba, kwa kuwa mtu huyu anamcha Mungu, basi anafaa kutawala.

Makala haya yanakusudia kuihakiki hoja hiyo. Hatutachunguza ukweli wa dini yoyote, wala hatutapima imani ya mtu yeyote. Swali letu ni hili: je, imani binafsi ya mwanasiasa iwe kipimo cha kufaa kwake katika madaraka ya umma? Jibu tutakalolitetea ni kwamba isiwe kipimo cha kumpandisha wala cha kumshusha. Kinachopimika ni uaminifu wake. Maneno hayo mawili, imani na uaminifu, yamechipuka katika shina moja, nasi tunaona kwamba sehemu kubwa ya mkanganyiko uliopo hutokana na udugu huo.

2.0 Shina moja, maana mbili

Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu kundi la maneno yenye asili moja: amini, imani, muumini, amana. Katika asili yake kundi hili hubeba wazo la usalama na la kutegemewa. Hata hivyo, matumizi yameyatenga. Imani, katika maana inayotuhusu hapa, imebaki upande wa moyo, kwani ni kile ambacho mtu hukishika ndani yake kuwa kweli. Muumini ni mwenye imani hiyo. Amana, kwa upande wake, ni kitu kilichowekwa kwa mtu ili akitunze na kukirudisha kitakapodaiwa.

Neno mwaminifu lina historia ya peke yake. Shina lake ni la Kiarabu, lakini limevikwa kiambishi tamati -ifu, ambacho ni cha Kibantu na ambacho huunda sifa zinazodhihirika katika mwenendo. Tii huzaa mtiifu, haribu huzaa mharibifu, sahau huzaa msahaulifu. Hatumwiti mtu msahaulifu kwa sababu ya yale anayoyakiri. Twamwita hivyo kwa kuwa tumemwona akisahau, tena si mara moja. Vivyo hivyo, mwaminifu ni yule ambaye amana iliwekwa mikononi mwake ikarudi salama. Muumini anaweza kujitambulisha mwenyewe, lakini mwaminifu hutambulishwa na wengine.

Msemo "mcha Mungu" uko upande wa muumini. Umejengwa juu ya kitenzi -cha, yaani kuogopa kwa heshima, ambacho leo ni nadra kukisikia nje ya msemo huu na ndugu zake wachache kama uchaji na kicho. Uchaji ni jambo lililo kati ya mchaji na yule anayemcha. Mtu wa tatu huona dalili zake tu: kuhudhuria ibada, kutoa sadaka, kupiga magoti mbele ya kamera. Dalili hizo zaweza kuwa za kweli, nazo zaweza kuwa kilemba cha ukoka. Mpiga kura hana chombo cha kuzipimia.

Hapa ndipo mbinu ya kampeni inapoonekana. Mgombea hudai uaminifu, ambao ungehitaji ushahidi, kwa kuonyesha imani, ambayo haihitaji ushahidi wowote. Kwa kuwa maneno ni ya ukoo mmoja, msikilizaji havuki mpaka wowote anaouona. Ameanza na muumini, amefika kwa mwaminifu, na njiani hakuna aliyemwuliza chochote.

3.0 Katiba na kiapo

Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 1 kwamba dola yetu ni "laïc". Mfasiri wa Kiswahili hupata taabu hapa. Katiba ya Tanzania imechagua kusema kwamba nchi hiyo ni "isiyokuwa na dini". Msikilizaji wa kwetu akisikia hivyo, huenda akadhani kwamba dola imetangazwa kuwa ya kipagani. Tungependekeza tafsiri "isiyofungamana na dini", kwa maana Katiba haiwakatazi raia dini zao. Kifungu cha 22 kinazilinda. Inachokataa ni dola kujifunga kwa mojawapo.

Masharti ya kugombea urais yamo katika kifungu cha 72: uraia wa asili, umri wa miaka 30 au zaidi, haki kamili za kiraia na za kisiasa, na kutokuwa miongoni mwa watu wanaozuiwa na sheria ya uchaguzi. Dini haimo. Tena kifungu cha 13 kinakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya dini yake katika kupata kazi za umma.

Huenda msomaji akatupinga kwa kifungu cha 74, kwa kuwa Rais huapa mbele ya Mungu na mbele ya taifa. Je, kiapo hicho hakimtaki awe muumini? Tukisoma kiapo chenyewe, tunaona kwamba yote anayoahidi Rais ni matendo: kuitii na kuitetea Katiba na sheria, kulinda uhuru na mipaka ya nchi, kutanguliza manufaa ya wote. Mungu na taifa wametajwa kama mashahidi wa ahadi hiyo. Yale ambayo shahidi wa kwanza anayaona moyoni mwa mwapaji hatuwezi kuyasoma. Sisi ni shahidi wa pili, na ushahidi wetu unahusu yaliyotendwa. Ahadi ni deni, na deni hudaiwa kwa hesabu.

4.0 Somo la historia

Historia ya Kongo haimpi nguvu anayetaka kumjua mtawala kwa ubatizo wake. Mobutu alibatizwa Joseph-Désiré na kusomeshwa na wamisionari. Hilo halikumzuia kupiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, wala kumsukuma Kardinali Joseph Malula, aliyempinga, akakae Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka 1974 Krismasi iliondolewa katika sikukuu za taifa, na wasemaji wa utawala wakamfananisha Mobutu na masihi na chama cha MPR na kanisa. Aliyekuwa ametazama cheti cha ubatizo asingetabiri hata moja kati ya mambo hayo.

Kanisa Katoliki lenyewe halichanganyi utakatifu na utawala. Sheria zake za mwaka 1983, katika kanuni ya 285, zinawakataza makasisi kushika nyadhifa za kiserikali. Ni kweli kwamba Laurent Monsengwo, wakati huo Askofu Mkuu wa Kisangani, aliongoza ule mkutano wa kitaifa uliojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, CNS. Lakini tukumbuke waumini walidai nini mkutano huo ulipofungwa Januari 1992. Walioandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992, na baadhi yao wakauawa kwa risasi, hawakudai rais Mkristo. Walidai ufunguliwe tena mkutano ambamo kila raia, wa dini yoyote, alikuwa na wajumbe wa kumsemea.

Bukavu nayo ina mashahidi wake. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini humu tarehe 29 Oktoba 1996. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, alizuiwa na RCD mwaka 2000 kukaa katika jimbo lake kwa miezi kadhaa. Hakuna kati yao aliyegombea cheo cha siasa. Neno lao lilikuwa na uzito hata kwa wasiokuwa Wakatoliki kwa sababu lilithibitishwa na mwenendo uliowagharimu.

5.0 Imani inapoingia ofisini

Kusema kwamba imani binafsi si kipimo hakuna maana kwamba kila uamuzi uliovikwa maneno ya dini uachwe bila kuulizwa. Mfano ulio wazi unatoka kwa jirani zetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofika Tanzania, Rais John Magufuli, Mkatoliki aliyekuwa na shahada ya udaktari katika kemia, aliacha makanisa na misikiti wazi na kutangaza siku tatu za maombi ya taifa mwezi Aprili. Baadaye, takwimu za wagonjwa ziliacha kutangazwa zikiwa zimefikia 509. Mwezi Juni Rais alitangaza kwamba Mungu ameiondolea nchi ugonjwa huo.

Wakosoaji wengi walimlaumu kwa kusali. Kwa maoni yetu walikosea shabaha. Sala ilikuwa haki yake, na huenda iliwafariji wengi. Kilichostahili kuhojiwa ni kunyamazisha takwimu, kwa kuwa hizo ni amana ya wananchi na wala si sehemu ya ibada. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021 na nafasi yake kushikwa na Samia Suluhu Hassan, Mwislamu kutoka Zanzibar. Aliunda kamati ya wataalamu, na mwelekeo ukabadilika. Nani atasema kwamba mabadiliko hayo yalitokana na Mwislamu kumrithi Mkristo? Yalitokana na kiongozi kukubali kwamba swali la ugonjwa lijibiwe kwa hoja ambazo watu wa dini zote wanaweza kuzikagua.

6.0 Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba kwetu imani ndiyo shule ya maadili, na kwamba kumtenga mtu na imani yake ni kumkata vipande viwili. Pingamizi hili ni zito. Tumtazame Dkt. Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu na mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, aliyeanzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999, akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018 na kugombea urais mwaka 2023. Hospitali hiyo iko chini ya kanisa la CEPAC. Si rahisi kudai kwamba imani yake haihusiani na kazi yake.

Lakini tuangalie kilichofanya kazi hiyo iheshimiwe. Mwanamke aliyefika Panzi hakuulizwa anasali wapi ndipo ashonwe jeraha lake. Aliponywa kwa upasuaji, na upasuaji huo ni ushahidi ambao Mkatoliki, Mwislamu na asiye na dini wanaweza kuupima kwa usawa. Imani yaweza kuwa chemchemi. Mpiga kura huchota mtoni. Tena, hata uaminifu uliothibitika hospitalini haukumwondolea mpiga kura haki ya swali la pili: mgombea huyu ana mpango gani na uwezo gani wa kuongoza dola?

Lipo pia jambo ambalo wanaosifu "wacha Mungu" hulisahau. Kipimo hukata pande zote mbili. Tukimwongezea mgombea alama kwa sababu anasali pamoja nasi, tumempunguzia mwingine kwa sababu anasali kwingine. Mwislamu wa Kadutu aliye mwadilifu katika biashara yake na Mkimbangu wa Bagira asiyewahi kula mali ya shule yake wataanza mashindano wakiwa nyuma, bila kosa lolote. Watanzania wameliundia jambo hili neno udini, kwa mfano wa ukabila, na Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyejulikana kwa ibada yake, alilikemea waziwazi mwaka 1995. Sisi ambao tumeona ukabila ulivyotutenda katika Kivu hatuna haja ya kumtafutia ndugu.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hoja ya "mcha Mungu" hutegemea mtelezo wa maana kutoka imani hadi uaminifu, na kwamba sheria, historia na akili ya kawaida haziungi mkono mtelezo huo. Kazi ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili si kuwaambia watu wamchague nani. Hata hivyo tunao wajibu mmoja ulio wetu hasa, nao ni kuyatenga maneno ambayo wenye nia ya kutawala wangependa yabaki yamechanganyika. Mgombea akituambia kwamba yeye ni muumini, tumheshimu na tumnyamazie, kwa maana hilo ni lake na Mungu wake. Akituambia kwamba yeye ni mwaminifu, tumwulize mara moja: amana ipi uliwahi kukabidhiwa, nani alikukabidhi, na ilirudi ikiwa na hali gani?