Creep: Mtu Mwema Anayetisha Kuliko Jini

Jamani, jamani, jamani! Nimemaliza kuitazama Creep sasa hivi, mapigo ya moyo hayajatulia, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kwa pupa. Ni filamu ya Marekani ya 2014, na kama hujaiona basi kwako ni mpya kabisa, kama ilivyokuwa kwangu. Waigizaji wanaoonekana ni wawili. Ndiyo, wawili! Kamera moja ya mkononi, nyumba moja ya milimani huko California, na haifiki hata saa moja na nusu. Hakuna mzuka, hakuna dubwana la kompyuta, hakuna muziki wa kukuambia sasa uogope. Na bado niliinuka katikati kwenda kuhakikisha mlango una komeo.

Kisa chenyewe hiki hapa. Aaron, mpiga video ambaye mfuko umetoboka, anajibu tangazo la mtandaoni: kazi ya siku moja, dola 1,000, awe mtu wa kutunza siri. Anapanda mlima na gari lake, anakutana na Josef. Josef anamkumbatia kabla hata hawajafahamiana. Anamweleza kwamba ana saratani ya ubongo, siku zake zimehesabika, mkewe ni mjamzito, na anataka arekodiwe kutwa nzima ili mwanawe aje amwone baba yake alivyokuwa. Sasa niambie, nani ana roho ya kukataa kazi hiyo?

Halafu Josef anavua nguo. Wamejuana muda mfupi tu, jamaa yumo kwenye beseni la kuogea, anaigiza anavyomwogesha mtoto ambaye bado hajazaliwa, anamsemesha, anamchekea hewani. Aaron anarekodi. Nilianza kwa kucheka. Kisha nikaacha kucheka. Kisha sikujua niangalie wapi. Hapo ndipo nilipojua nimeshikwa.

Na hapa ndipo penye ufundi wote wa filamu hii. Aaron hafungwi kamba. Anafungwa na haya. Kila anapotaka kuondoka, Josef anamwekea mbele yake jambo ambalo mtu mwenye malezi hawezi kulikataa: twende kwanza tukatembee msituni, tule kwanza, ingia unywe hata glasi moja tu ya kuagana. Mgonjwa anakusihi, utamwachaje? Sisi tuna methali yetu ya mgeni wa siku mbili, ya tatu apewe jembe. Mwenyeji huyu hataki mgeni aondoke hata jioni ya siku ya kwanza, na hana jembe. Ana shoka, limekitwa kwenye gogo nje ya nyumba na kamera inalipitia mapema kabisa. Ukiliona, utakumbuka niliyokwambia.

Mark Duplass, anayemcheza Josef, ni balaa. Watu wengi Marekani wanamjua kwa vichekesho, kwenye tamthilia ya The League, na katika Safety Not Guaranteed ya 2012 alicheza pia mtu wa ajabu aliyetoa tangazo akitafuta mwenza. Uso wake ni wa jirani anayekusaidia kusukuma gari. Anatabasamu, anaomba radhi, macho yanamlengalenga machozi, na wewe mtazamaji unaanza kumwonea huruma! Kisha anatoa kinyago cha mbwamwitu kabatini, anakutambulisha: huyu anaitwa Peachfuzz. Anamwimbia na wimbo. Kwa hakika filamu ilipoanza ilibeba jina hilo la Peachfuzz, na mimi nimefurahi walibadilisha, maana ukilisikia kabla hujatazama unaweza kudhani ni katuni.

Aaron ni Patrick Brice, ambaye ndiye mwongozaji, na hii ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Yaani anaongoza, anaigiza, na kamera anaishika yeye mwenyewe! Hawakuwa na mswada kamili. Walikuwa na muhtasari wa kisa, mazungumzo wakayabuni papo hapo. Ndiyo maana hakuna sentensi inayonuka karatasi. Wanakatizana, wanababaika, wanakaa kimya kile cha watu wasiojua waseme nini. Brice amewahi kutaja Misery na Fatal Attraction kati ya filamu zilizomchochea, na utaziona humo. Kuna simu moja inaita usiku, sauti ya mwanamke inazungumza, nikaganda. Sitasema inasema nini. Nitasema tu kwamba mwenye sauti ni Katie Aselton, mke wa Duplass katika maisha halisi. Bajeti ndogo hiyo, familia nzima kazini!

Kati ya waliosimamia utengenezaji ni Blumhouse, kampuni iliyohusika na Paranormal Activity, ile iliyotengenezwa kwa dola 15,000 hivi ikavuna mamilioni. Sisi wa Bongo filamu za kutisha za pesa kidogo tunazo zetu: waliomtazama Mussa Banzi na Nsyuka yake wanajua hofu ya mizimu na majini. Creep inakunyima hata hilo. Jini ungelipeleka kwa mganga au kulisomea dua. Josef utamsomea nini?

Haya, sasa lawama, maana sijalewa kabisa.

Josef anapenda kujificha na kuruka ghafla akipiga kelele. Mara ya kwanza niliruka naye. Baadaye ikachosha. Ni tabia ya mhusika, sawa, lakini mwongozaji ameitegemea kupita kiasi, hasa kwa filamu ambayo ukimya wake unatisha zaidi. Pia kuna swali sugu la filamu za namna hii: kwa nini kamera bado inawaka? Mlimani jibu lipo, ni kazi ya kulipwa. Lakini kisa kinapohamia nyumbani kwa Aaron, mtu anashtuka usiku wa manane na bado anakumbuka kujirekodi! Hapo nilicheka mahali ambapo sikutakiwa kucheka. Na sehemu ya mwisho kuna uamuzi mmoja wa steringi wetu ambao kwenye kibanda umiza watu wangemzomea mpaka jenereta lizimike. Filamu inajitetea, kwamba ni wema ule ule alioanza nao, na nusu yangu imekubali. Nusu nyingine bado inamfokea Aaron.

Hata hivyo! Nyumba ile, kinyago kile, na tukio moja gizani ambapo tunasikia sauti tu na picha haipo, vimenikaa. Ipo Creep 2 ya 2017, na tamthilia ya The Creep Tapes ilianza 2024. Nitaanza zote mbili, mchana.

Alama: nane kwa kumi. Nimekata moja kwa yale makelele na moja kwa Aaron. Itazame usiku, usitafute chochote kuihusu kabla, na vijana mnaosubiri mdhamini ili mtengeneze filamu yenu ya kwanza, itazameni mara mbili.