Kazi ya Misa Huanza Katikati ya Juma

Jumuiya ndogo ya Kikristo ikipangiwa kuongoza Misa, somo la pili ndilo linalofichua ilivyojiandaa. Somo la kwanza mara nyingi ni hadithi, na hadithi hujibeba yenyewe. Somo la pili hutoka mara nyingi katika nyaraka za Paulo, nazo hazimhurumii mtu. Sentensi moja hupita mistari minne au mitano, kiini chake kimejificha katikati, na msomaji aliyekabidhiwa kitabu mlangoni huvuta pumzi mahali pasipofaa. Waamini wanasikia maneno, lakini maana inawapita.

Upande wa Kariandusi, kati ya Gilgil na Elementaita, kama kwingi katika Jimbo Katoliki la Nakuru, kazi za Jumapili hugawanywa kwa zamu. Wiki hii jumuiya moja hutoa wasomaji, watu wa maombi, wabeba matoleo na wa kusafisha kanisa; wiki ijayo ni zamu ya wengine. Utaratibu huu haukuzuka hivi hivi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka waamini wote washiriki kikamilifu huku wakielewa wanachokifanya. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, wakazifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji. Zamu ya jumuiya ndiyo njia ambayo hati ya Roma ilifika hadi kwa mama wa Kariandusi anayesimama mimbarini.

Jumuiya inayojua kazi yake hukutana katikati ya juma na kuanza na Injili, hata kama Injili haitasomwa na mmoja wao. Kuna sababu. Mpango wa masomo uliotolewa mwaka 1969 huzunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka. Katika Jumapili za kipindi cha kawaida, somo la kwanza limechaguliwa lioane na Injili. Msomaji asiyeijua Injili ya siku hiyo hawezi kujua ni neno lipi la Isaya linalopaswa kusikika kuliko mengine. Somo la pili hufuata mkondo wake lenyewe, likiendeleza waraka ulioanza wiki zilizotangulia. Dawa yake ni kurudi nyuma na kusoma sura nzima.

Hapo hujitokeza tatizo ambalo viongozi wengi hawalitaji. Nyumba nyingi zina Biblia ya Union Version ya 1952, na ndiyo watu wanayofanyia mazoezi. Jumapili ya Familia Takatifu inapoleta somo kutoka Yoshua bin Sira, msomaji hupekua kurasa zote asilione, kwa kuwa kitabu hicho hakimo katika toleo hilo. Hata somo lililomo huweza kuwa na maneno tofauti na yale ya kitabu cha masomo kanisani. Ulimi uliozoea sentensi moja hujikwaa kwenye nyingine. Nasisitiza kwamba msomaji apewe nakala ya ukurasa wenyewe atakaousoma.

Akishaupata, asome kwa sauti akiwa amesimama, na penseli mkononi. Atie alama mahali pa kuvuta pumzi, na mahali msemaji anapobadilika, maana nabii na Mungu hupokezana bila onyo. Mfano mkubwa ni somo la Pentekoste, Matendo 2, lenye orodha ndefu ya mataifa: Waparthi, Kapadokia, Frigia, Pamfilia. Wengi huikimbia orodha hiyo kwa aibu ya kukosea. Isikimbiwe. Bonde la Ufa la kati limejaa Wakikuyu, Wakalenjin, Waturkana, Waluhya na Wakisii, wanaokutanishwa na Kiswahili kanisani, na baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007–2008 kukutana huko si jambo dogo. Kila jina katika orodha ile linastahili kutamkwa likamilike, ili aliyekaa nyuma asikie kwamba hakuna kabila lililorukwa.

Maombi ya waamini yana mpangilio wake: Kanisa, kisha viongozi na ulimwengu, kisha wenye shida, mwisho jamii ya mahali. Kosa la kawaida ni kunakili kitabuni na kuacha jamii ya mahali ikawa maneno matupu. Kariandusi ina machimbo ya diatomaiti, ina barabara kuu ya Nairobi–Nakuru yenye ajali zake, ina wafugaji wanaotazama mawingu. Ombi moja la sentensi mbili, linalowataja hao, hutosha.

Kwaya nayo ina mipaka. Kifungu cha 30 cha hati ile ya 1963 kinataja vitikio, zaburi, nyimbo, ishara za mwili, na kimya kitakatifu kuwa njia za waamini wote kushiriki. Kwa hiyo Bwana Utuhurumie na Mtakatifu ziimbwe kwa tuni inayojulikana na watu wote. Wimbo mpya uwekwe kwenye matoleo au baada ya komunyo. Mwanzishaji wa wimbo akianzia juu mno, wanaume wazima hunyamaza, na hakuna kinanda kitakachowarudisha. Kimya kipangwe vilevile: baada ya somo, msomaji asishuke mbio, na kiongozi wa zaburi ahesabu pumzi chache kabla ya kuanza.

Linalobaki ni la mwenyekiti wa jumuiya. Majina yatoke Jumapili mbili kabla, kila msomaji awe na wa akiba, na Jumamosi jioni wafanye jaribio ndani ya kanisa lenyewe, kipaza sauti kikiwa kimewashwa, mmoja wao akiwa amekaa benchi la mwisho. Mabati yakipigwa na mvua, huyo wa nyuma ndiye atakayesema kama sauti inafika.