Mwashi na Chokaa Yake

Mwashi wa chokaa wa Mji Mkongwe, Unguja, hakimbilii mwiko. Kwanza huugonga ukuta kwa vidole, akatega sikio. Panapolia kama debe tupu, lipu imeshaachana na jiwe. Hapo ataibandua taratibu, afagie vumbi, kisha aurushie ukuta maji mpaka ulowe barabara. Jiwe la matumbawe lina kiu. Likikuta chokaa mbichi litafyonza maji yake yote na kuiacha ikipasuka.

Chokaa yenyewe imetoka mbali. Mawe ya matumbawe huchomwa juu ya rundo la magogo, joto likafika nyuzi 900 hivi, yakaachia hewa ukaa. Yakimwagiwa maji huchemka, hufura na kusambaratika kuwa unga. Fundi anayejali huuloweka unga huo na kuuacha ukae, kwani kadiri unavyokaa ndivyo unavyolainika. Ukishapakwa, huanza kuivuta tena hewa ukaa kutoka angani, nayo ndiyo huurudisha kuwa jiwe. Kazi hiyo huenda polepole, kutoka nje kwenda ndani. Ndiyo maana fundi hapaki lipu nene kwa mkupuo mmoja. Hupaka tabaka jembamba, hulifunika kwa magunia mabichi jua lisilikaushe ghafla, na vinyweleo vya nyufa vikijitokeza huja kuvikandamiza kwa mwiko. Tabaka la pili litangoja. Uvumilivu huo naustahi kuliko hata weupe wa ukuta uliokamilika.

Saruji haingoji, na wenye nyumba huipendea hilo. Lakini huokwa kwa nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vyake hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu duniani. Juu ya ukuta wa matumbawe huziba pumzi: unyevu na chumvi hubaki ndani, kuta zikamong'onyoka na ncha za boriti za mikoko zikaoza.

Chokaa nayo ina deni lake, tena zito: tanuri hula magogo mengi, na misitu yetu si ya kuchezea. Nafuu yake kubwa ni kwamba hukubali kufanyiwa ukarabati. Kwa kuwa ni laini kuliko jiwe, ukuta ukibomolewa mawe hutoka mazima. Fundi huyakwangua, huyapanga pembeni, na ukuta mpya huanza na mawe yaleyale.