Maji Yatawaleta

Asubuhi moja ya maji ya bamvua, wakati wa kaskazi, nilipokuwa nimekwenda Mafia kustarehe siku chache na kutazama ndege, mzee aliyeniongoza kutoka Utende alitua tanga la ngalawa yake karibu na fungu la mchanga, akalikunja kwa taadhima kama mtu akunjaye msala, akaketi. Nilipomwuliza mbona hatuwafuati wale ndege walioonekana kwa mbali kama nukta nyeupe, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, hatuwafuati. Maji yatawaleta."

Na kweli yaliwaleta. Kadiri Ghuba ya Chole ilivyozidi kujaa, ndivyo ndege waliokuwa wametawanyika matopeni walivyosogea hatua kwa hatua kuja funguni kwetu: sululu wenye midomo iliyopindika mithili ya jambia, chamchanga wakimbiao ukingoni mwa mawimbi, na hatimaye wale weupe wenye migongo myeusi na midomo minene, walao kaa, ambao hutaga aghalabu yai moja tu katika shimo la mchangani huko pwani za Uarabuni, kisha huja kwetu kwa njia ile ile iliyopitwa na majahazi ya kale.

Mzee akanionyesha kwa kidevu, kwani mkono ungewatisha. Nyuma ya ndege mmoja alifuata kinda wa kijivu, mrefu sawa na mzazi wake, akilia kwa unyonge. Mzazi akamkamata kaa, akampigapiga mchangani mpaka miguu ikachanguka, akamwachia mwanawe. "Amevuka bahari yote hiyo," alinong'ona mzee, "na bado analishwa."

Ndivyo naye alivyolishwa maarifa. Baba yake alimchukua chomboni angali mtoto, akamfunza kwamba buabua wakijirusha majini pamoja basi chini yao mna samaki, na kwamba kila ndege ana jina lake na habari yake. Uongozi wake wa wageni leo ni uvuvi ule ule wa jana, ila nyavu zimeachwa nyumbani, na kinachovuliwa ni dakika moja ya kuona sawasawa.

Tangu mwaka 1995 pana Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini sheria hulinda matumbawe, haiwezi kulinda subira. Tulipokuwa tumeketi, boti ya injini ilikuja kasi ikalielekea fungu ili ndege waruke wapigwe picha, nao wakaruka, wakapoteza mapumziko yao ya maji kujaa, ambayo msafiri wa masafa yale huyahitaji kama chakula. Wageni wale waliondoka wakiwa na picha, pasipo kumjua hata ndege mmoja.

Ndege waliporejea wachache, nilimgeukia kijana aliyekuwa akifua maji kwa upo, mjukuu wa jirani ya mzee, nikamwuliza jina la yule mwenye mdomo wa jambia. Alimtazama kwa adabu, akasema, "Ndege tu, wa baharini."

Nilidhani mzee atamkemea. Hakumkemea; alinyamaza mpaka maji yakalifunika fungu lote, ndege wakaelekea mikokoni, ndipo akashika kamba ya tanga.

"Kosa si lake," alisema. "Hakulishwa."