Mdoli Anayejibu Mkono

NeoNatalie ni mdoli wa plastiki laini wa kufundishia wakunga kumsaidia kichanga kupumua. Kabla ya zoezi hujazwa maji ya vuguvugu, kama lita 2 hivi, na hapo ndipo anapoanza kufundisha: anapata uzito wa kichanga, shingo inalegea, mikono na miguu inaning'inia kama ya mtoto aliyezaliwa bila kulia. Mkunga anayemnyanyua hana budi kuikinga shingo.

Kilichonivutia zaidi ni kifua. Kumpumulisha kichanga kwa mfuko na barakoa kunadai mambo mawili: kichwa kilale sawasawa, na barakoa izibe pua na mdomo pasipo hewa kuvuja. Ukikosea lolote, kifua cha mdoli hakiinuki. Ukipatia, kinainuka. Basi. Hakuna taa, kengele wala skrini. Ishara anayoisoma mkunga mazoezini ndiyo atakayoisoma kwa mtoto halisi. Huo, kwangu, ndio uamuzi bora wa wabunifu wake, Laerdal wa Stavanger, Norway, kampuni iliyokuwa ikitengeneza midoli ya kuchezea watoto kabla ya kumleta Resusci Anne, mdoli wa kufundishia kuokoa maisha, mwaka 1960. Taa ingewazoesha watu kutazama taa.

Pembeni ya mkunga yupo mwenzake, ameshika vipira vya kubinya vilivyounganishwa na mdoli kwa mirija. Kimoja hufanya kitovu kidunde, kingine humpa mdoli pumzi na kilio. Mwenzake ndiye anayeamua mtoto alie au anyamaze, kwa hiyo aliyeshika mfuko hawezi kukariri hatua. Lazima amtazame mtoto.

Hata hivyo, mdoli peke yake hatoshi. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipata mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia vichanga kupumua, mwaka 2010. Walipopimwa kwa mdoli walifanya vizuri zaidi kuliko awali, lakini huduma kwenye chumba cha kujifungulia haikubadilika. Mikono husahau upesi jambo isilolifanya kila siku, na watoto wanaohitaji kupumulishwa ni wachache. Mpango ukabadilishwa: mazoezi yafanyike hapo hapo kazini, mafupi, ya mara kwa mara. Mdoli mwenyewe hakubadilishwa. Baada ya hapo, vifo vya vichanga ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi 1,000.